Fomu ya Ishirini na Moja

Fomu zilitakiwa kufika Ijumaa. Alhamisi saa kumi na moja jioni nilikuwa nimebakiwa na miradi tisa mezani. Ilikuwa Juni 2010. Mimi kwa kusomea ni mtu wa kilimo. Mazingira nilikaimishwa tu, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wake, na halmashauri yetu, huko kanda ya kati, haikuwa na mtu. Mkurugenzi alipitia orodha ya watumishi, akaona mimi nina pikipiki.

Miradi ilikuwa 23, yote midogo, yote ya fedha za wafadhili: madarasa, matundu ya vyoo, visima, ghala moja, josho moja. Kila mmoja ulikuwa na fomu yake ya mchujo, kurasa mbili. Unasoma swali, unaweka tiki kwenye Ndiyo au Hapana, mwisho unaupa mradi daraja. A ni ile mikubwa, inayodai tathmini kamili ya athari kwa mazingira. B ina madhara yanayodhibitika, kwa hiyo inaandikiwa mpango wa kuyadhibiti. C haina neno, ipite. Ofisini kwetu C ilipendwa na kila mtu. B ilikuwa na karatasi nyingi, karatasi zilikula siku, na fedha ikivuka tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, haijatengewa kazi, mtumishi yeyote wa halmashauri anajua inakoelekea.

Si kwamba sikufundwa. Mwaka mmoja nyuma tulikaa siku tano Morogoro kwenye mafunzo. Mkufunzi alituanzia na Kihansi: mtambo wa umeme wa megawati 180 uliojengwa kwa fedha za nje, na chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyekuja kugunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Chura yule hatagi mayai, anazaa. Na duniani kote aliishi pale tu, kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wakamtegea mabomba ya kumnyunyizia, lakini hakupona, na mwaka huo huo wa 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Tulicheka. Nani nchi hii hacheki akisikia vyura wa Kihansi? Kisha mkufunzi akasema jambo ambalo niliandika kwenye daftari na kulisahau humo humo: kwamba Wamarekani hawakuanza kuchuja misaada yao kwa ajili ya mabwawa wala vyura. Shirika lao la misaada, USAID, lilishtakiwa mwaka 1975 na watetezi wa mazingira kwa ajili ya viuatilifu lilivyokuwa likivigharamia nchi za nje, na kanuni zikatoka mwaka uliofuata. Dawa za wadudu ndizo zilizoanzisha yote.

Josho lilikuwa fomu ya ishirini na moja. Umeme ulikuwa umekatika, naandika kwa chemli. Ujenzi mpya au ukarabati? Ukarabati. Mwongozo ulisema ukarabati usioongeza ukubwa wa kilichopo kwa kawaida ni C. Je, kuna mto, ziwa au ardhioevu ndani ya mita 500? Nikaikunjua ramani, nikaisogeza kwenye taa. Hapana. Sahihi, muhuri, fomu ya ishirini na mbili.

Kijiji chenyewe nilikuwa sijakanyaga.

Katikati ya Agosti bwana mifugo wa kata akanipigia simu. Alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na hakuwa na kawaida ya kupiga simu. "Mafundi wanauliza tope walimwage wapi," akasema. Nikauliza tope gani. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wewe njoo."

Kwa asiyelijua, josho ni mfereji wa zege, kina chake kinampita ng'ombe, unabeba kama lita 15,000 za maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anajitosa upande huu, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, anasimama kwenye sakafu ya mteremko mpaka dawa imchuruzike irudi shimoni. Bila hivyo ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inafagia ndama. Lile letu lilijengwa enzi za vijiji vya Ujamaa, likatumika, likafa kama majosho mengi yalivyokufa. Mafundi walikuwa wameshatoa matawi, udongo na mzoga wa mbuzi. Chini kabisa palibaki tope jeusi, kimo cha goti, na harufu yake niliijua kutoka stoo za pembejeo za zamani.

"Sisi tulitia toksafini," bwana mifugo akasema. "Pipa linafunguliwa, tunakoroga kwa mti."

Toksafini imo katika zile sumu kumi na mbili za kwanza zilizopigwa vita na Mkataba wa Stockholm, ule wa mataifa juu ya sumu zisizooza upesi. Kwenye udongo inakaa miaka na miaka. Mambo hayo niliyajua chuoni, nikayafanyia mtihani na kufaulu. Fomu yangu ilikuwa imeuliza tunataka kujenga nini, na mimi nikaijibu hivyo hivyo ilivyouliza, bila kuwaza kilicholala chini ya tunachokarabati.

Fundi mkuu akanisogelea. "Bosi, ndiyo wewe wa mazingira? Maana ndoo kama ishirini hivi tumeshamwaga kule chini."

Kule chini palikuwa na korongo. Mchanga mweupe, mkavu, hata mjusi angeungua miguu. Ramani haikuuita mto. Lakini hatua kama mia mbili kutoka joshoni kina mama watatu walikuwa wamepiga magoti kwenye shimo walilochimba mchangani, wanachota kwa kata, taratibu, wanajaza madumu. Mimi nimezaliwa nchi hiyo hiyo. Nimekunywa maji ya mchanga mpaka nilipokwenda sekondari. Najua kwamba kiangazi mto hauondoki, unashuka chini. Na bado niliweka tiki kwenye Hapana.

Nilisimamisha kazi. Pale zilipomwagwa ndoo tulikwangua udongo mpaka rangi ilipobadilika, tukaurudisha shimoni kwa toroli. Glavu hazikuwepo, tulifunga mifuko ya rambo mikononi, mimi, fundi na vijana wake wawili, na kanga ya mtu puani. Kina mama niliwaomba wahamishe visima vyao juu, upande korongo linakotokea. Mkubwa wao, ambaye angeweza kuwa mama yangu mzazi, akauliza, "Mpaka lini, mwanangu?" Nikasema mpaka mvua. Nilisema hivyo kwa kuwa ilibidi niseme kitu.

Jioni nikampigia mratibu upande wa wafadhili. Alikuwa mtu mwema, na alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema josho liko daraja C, na daraja C halina fungu la mazingira hata la shilingi moja. "Na C umeandika mwenyewe, kaka." Akanishauri, kwa nia njema kabisa, tope tulifukie hapo hapo, kazi iishe, tuandike ripoti.

Nikaandika barua ya kuomba josho lihamishiwe B. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akauliza kama nina hakika ile ni toksafini. Sikuwa nayo. Hakika inatoka maabara, maabara inalipiwa, na fedha ya kuilipia inatoka kwenye daraja nililokuwa ninaomba. Alinielewa, nadhani. Alichukua kalamu akaandika pembeni: "Usitishwe." Fedha ikahamishiwa darasa la kijiji cha jirani. Sisi tukalifunika shimo kwa mabati, tukarundika udongo juu, tukazungushia miiba, bwana mifugo akachora fuvu la kichwa kwenye kibao cha mninga. Lilikuwa linafanana zaidi na mbuzi.

Tiki yangu kijijini hakuna aliyewahi kuijua. Walichojua ni kwamba mafundi walikuja, saruji ikashushwa, kisha akaja kijana mwenye pikipiki na saruji ikapakiwa. Kwenye mkutano wa kijiji nilieleza kuhusu sumu kwa nusu saa nzima. Mzee mmoja akasimama na kusema yeye ameogesha ng'ombe pale miaka kumi na mbili, na mbele yangu amesimama.

Mwaka uliofuata nilikutana naye gulioni, ameshika kamba ya mtamba mmoja. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za watoto. Kisha: "Na josho letu, mtaalamu, limefikia wapi?"

Nikamwambia limo kwenye bajeti. Lilikuwamo kweli. Niliandika mwenyewe, mstari wa chini kabisa wa ukurasa.