Baiskeli nusu nyuma ya baiskeli yangu

Daraja la Martin Olav Sabo hapa Minneapolis, Marekani, lile la nyaya linalovuka barabara ya Hiawatha, lina mwinuko ambao ukiwa peke yako huutambui. Ukiwa na mtoto nyuma unautambua. Siku ya kwanza tulipoupanda, binti yangu alikuwa na miaka mitano. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeko kazini: "Baba, hapa mimi ndiye ninayekusukuma?" Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Akiacha kupiga pedeli nasikia uzito wote umerudi mapajani mwangu. Akianza tena, unapungua.

Tangu hapo Watanzania na Wakenya wenzangu wanaponikuta njiani wananisimamisha na kuuliza kile kitu nilichofunga nyuma ni nini, kinauzwa wapi, mtoto haanguki? Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama na mguu mmoja chini, bora niandike.

Ni baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Ina siti yake, usukani usiogeuka, pedeli, cheni na gurudumu moja la nyuma. Mahali pa gurudumu la mbele pana bomba refu lililopinda, na ncha ya bomba hilo inafungwa kwenye chuma kinachoshika siti ya baiskeli ya mzazi. Kiungo kinaruhusu bomba kwenda kushoto na kulia, juu na chini. Kulala ubavu hakitakiwi kuruhusu, na hilo nitalirudia. Breki haina, kwa hiyo mtoto haongozi wala hasimamishi chombo. Kazi yake ni kukaa sawa na kupiga pedeli. Nyumbani tunauita mkia.

Mkia si trela. Trela tunalo pia, lile la turubai lenye magurudumu mawili. Linavutwa na mke wangu na ndani yake anakaa mdogo wetu na biskuti zake. Kwa mtoto ambaye bado mdogo trela ni zuri sana: mvua haimpati, akitaka kulala analala. Lakini mkubwa alipofika miaka minne na nusu alianza kulipiga mateke turubai na kuuliza kila baada ya dakika mbili kama tumefika. Tukampa baiskeli yake ndogo ya inchi 16. Akaendesha vizuri, kisha baada ya kilomita mbili miguu ikaisha nguvu, na mimi nikarudi nyumbani nimeinama, mkono mmoja kwenye usukani wangu na mwingine mgongoni kwake.

Mimi nimekulia Shinyanga, mji ambao baiskeli inabeba watu kutwa nzima. Abiria anakaa kwenye keria iliyofungwa sponji, na baiskeli hizo tunaziita daladala. Baba yangu alikuwa akinipakia mbele, kwenye bomba la fremu, akinipeleka shule. Nakumbuka mikono yake huku na huku, kidevu chake juu ya kichwa changu, na ganzi ya miguu tukifika. Nilipenda safari zile kuliko kitu chochote. Lakini nilikuwa mzigo, sawa na debe la mahindi, na nililijua hilo kila alipohema kupanda kilima. Binti yangu akihema, anahema kwa jasho lake. Ndiyo sababu naupenda mkia kiasi hiki.

Sasa tuje kwenye kufunga. Wangu niliununua kwa jirani, dola 60, umetumika lakini imara. Nikaupeleka kwenye duka moja la baiskeli nifungiwe, nikalipa, nikampandisha mtoto. Hatukufika mbali. Mkia ulikuwa umelala upande wa kushoto, mtoto amekaa kama mtu aliyeegemea ukuta, na kila akipiga pedeli usukani wangu unavutwa. Nilidhani ndivyo unavyokuwa. Tulikwenda hivyo wikiendi mbili, na mtoto akaanza kusema hataki tena.

Jioni moja nikaamua kuufungua mwenyewe. Chuma cha siti yangu kina unene wa milimita 27.2, na klampu ya mkia, kile kibano kinachokishika chuma hicho, ilitengenezwa kwa chuma kinene zaidi. Panatakiwa bushi katikati, kile kipande cha plastiki kinachojaza nafasi. Fundi hakuiweka. Alikaza bolti mpaka mwisho akaona inatosha, kumbe klampu inazunguka taratibu kila tukikata kona. Nikatafuta bushi ya kipimo chetu, nikasafisha chuma kikabaki kikavu bila grisi, nikakaza upya. Kisha nikafanya jaribio ambalo sasa nafanya kila siku kabla ya kutoka: nashika siti ya mtoto kwa mikono miwili na kuitikisa kulia na kushoto kwa nguvu. Ikicheza kidogo, sawa. Ikilala ikabaki imelala, hatutoki. Nililia hasira kidogo usiku ule, kwa sababu ya zile wikiendi mbili na mtoto aliyekuwa akiniambia ukweli nami nikimwambia azoee.

Kuendesha nako kuna adabu yake. Mkia wangu una kama kilo 9, binti alikuwa na 19, kwa hiyo nyuma yako kuna karibu kilo 28 zinazotaka kuendelea wakati wewe unataka kusimama. Funga breki mapema, za mbele na za nyuma pamoja, taratibu. Kona ichukue pana, maana gurudumu la mtoto linapita ndani zaidi kuliko lako na litagonga ukingo wa njia. Mtoto apande wewe ukiwa umeshasimama imara, miguu yote miwili chini, na ashuke yeye kwanza. Asisimame juu ya pedeli, hata kwenye kilima. Akisimama akaanza kuyumba, mnayumba wote. Angalia pia uzito ulioandikwa kwenye fremu. Wetu mwisho wake ni pauni 85, yaani kama kilo 38.

Mama yangu alituona kwenye simu ya video tukijiandaa. Akanyamaza, kisha akauliza: "Baba, na akianguka huko nyuma utajuaje?" Nikamwambia nitasikia uzito umepungua. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Kesho yake nilifunga kioo kwenye usukani, na ni kioo hicho kilichotusaidia siku ya usingizi.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka maporomoko ya Minnehaha tukifuata kijito kuelekea ziwa Nokomis. Njia ni tambarare, miti imefunika juu, jua la saa kumi. Mkia ukawa mzito, halafu ukaanza kuinama polepole, kulia, kushoto. Nikamwita, kimya. Nikatazama kiooni: kofia ngumu imeinamia kifuani, mikono bado imeshika usukani lakini vidole vimelegea. Nilisimama pole pole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Nikamshusha, tukakaa nyasini nusu saa, akala ndizi.

Trela linasamehe usingizi, mkia hausamehe. Kwa hiyo tukienda mbali siku hizi, tunapumzika mwanzoni mwa safari ya kurudi, si mwishoni, na njiani nampa kazi ya mdomo. Kwenye Midtown Greenway, ile njia ya kama kilomita 9 iliyojengwa palipokuwa reli, sehemu ndefu iko chini bondeni na barabara za mji zinapita juu kwa madaraja. Anahesabu madaraja. Chini ya kila moja anapiga ukelele asikie mwangwi, na siku nyingine waendesha baiskeli wanaotupita wanamjibu. Kwenye maziwa ananiuliza majina. Nikamwambia Bde Maka Ska ni jina la Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, bde ni ziwa. Akauliza sisi tunasemaje. Nikamwambia kwa Kiswahili ziwa, na kwetu Kanda ya Ziwa utasikia pia nyanza. Akapiga pedeli akiimba maneno hayo matatu mpaka tukamaliza kulizunguka.

Mwaka huu ametimiza saba. Aprili, theluji ilipoisha, alikataa mkia. Anaendesha yake ya inchi 20 mbele yangu, na kwenye mwinuko wa daraja la Sabo anainama na hageuki nyuma.

Mkia unaning'inia gereji, tairi nimelijaza upepo. Jana mdogo, ambaye ana miaka mitatu, aliniomba niushushe. Nikaushikilia akapanda, akanyoosha mguu kadiri alivyoweza. Kati ya kiatu chake na pedeli palibaki kiganja kizima. Akanitazama, akasema nimshikie tu, atangoja hapo hapo.