Mbalamwezi ya tisa

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 20, mimba yangu ya kwanza, tunaishi kijiji cha mwambao kaskazini ya Kigoma mjini, kule ambako ukitaka kwenda mjini unapanda boti. Mume wangu mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa karabai, wanafuata mwanga, sasa mwezi ukijaa taa haina kazi tena, kwa hiyo yeye wakati wa giza yuko kambini na mbalamwezi ikiingia anarudi nyumbani. Kila mwezi hivyo hivyo.

Siku ya kwanza kliniki nesi kaniuliza, siku zako zilikata lini? Mimi nikaelewa zilikata, yaani lini nilizisubiri zisije. Nikasema tarehe moja mwezi wa tano, nakumbuka maana ilikuwa Mei Mosi. Kumbe yeye alitaka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu, na hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nne. Akaandika 1/5 kwenye kadi, akaongeza siku saba, akarudi nyuma miezi mitatu, akasema utajifungua 8/2/2012. Nikaondoka na furaha zangu.

Mwezi wa kumi wakanipima tumbo kwa futi ya fundi cherehani. Kuanzia wiki ya 20 hivi zile sentimita huwa zinakaribiana na wiki za mimba, sasa kadi inasema wiki 24, tumbo linasoma 28. Nesi akaweka sikio kwenye kile kifaa kama tarumbeta dogo, akasikia moyo mmoja tu, lakini akasema huenda ni mapacha, mwingine amejificha. Mama mkwe akanunua nguo za watoto wawili. Mpaka leo naumia nikikumbuka, hapo ndipo mtu angenirudishia lile swali kwa maneno mengine, na hakuna aliyenirudishia.

Mwanzoni mwa Januari Bibi mzaa mama akaja kutoka Ujiji na kikapu chake, hakuna aliyemwita. Akasema nimekuja kumpokea mtoto. Nikamwambia Bibi, bado mwezi mzima. Hakujibu, akaingia jikoni.

Usiku wa tarehe 8 chupa ikapasuka, saa mbili hivi, uchungu ukaanza. Mume wangu yuko nyumbani, mbalamwezi. Tukafika zahanati, nesi wa zamu akasoma kadi akabadilika uso. Wiki 36. Akasema mtoto hajatimia, chini ya wiki 37 huyu ni njiti, mapafu yanaweza yasiwe tayari, hapa sina vifaa, lazima mwende hospitali mjini usiku huu. Nje mvua na upepo, ziwa linapiga kelele mpaka ndani tunalisikia. Mume wangu akatoka kutafuta boti na mimi nalia, silii uchungu, nalia lile ziwa.

Bibi akamwambia nesi, "Mwanangu, huyu mtoto ametimia."

"Bibi, shikamoo, lakini kadi inasema..."

"Marahaba. Kadi haikulala kwao. Mume wake alikuja mbalamwezi, mimba ikaingia. Sasa hesabu na mimi amerudi mara ngapi."

Akaanza kunyoosha vidole. Ya kwanza alikuja na homa. Ya pili alileta kitenge cha njano. Ya tatu alimzika mjomba wake. Ya nne ilikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani. Ya tano injini iliharibika. Ya sita mvua za kwanza. Ya saba alikosa Idd ya kuchinja kwa siku chache. Ya nane ile ya miaka 50 ya Uhuru. Ya tisa yuko huko nje anatafuta boti.

Kalenda ya 2011 ilikuwa bado ukutani. Nesi akaisogelea, akaanza kupitisha kidole kurudi nyuma, Desemba, Novemba, kimya kimya. Halafu akageuka akaniuliza, dada, damu yenyewe mara ya mwisho uliiona lini? Nikasema mwezi wa nne, mwanzoni. Akakaa kwenye kiti. Mbalamwezi tisa ni siku 266 hivi, ongeza zile wiki mbili za kabla mimba haijaingia unapata 280, ndiyo wiki 40 zenyewe. Akapapasa tumbo, kichwa kimeshuka, akanipima njia, imefunguka sentimita 4. Akasema boti isubiri, lakini hatuendi.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Bibi ananisugua kiuno, nesi anakuja anasikiliza moyo wa mtoto anaandika. Saa mbili asubuhi njia ikafunguka kumi, saa tatu kasoro akatoka binti, analia kwa nguvu, kilo 3.1. Nikachomwa sindano ya paja, kondo likatoka, nesi akalitandaza akalikagua lote kama kuna kipande kimebaki ndani. Halafu akachukua kamguu ka mtoto, akamwonyesha mume wangu mistari iliyojaa unyayo mzima mpaka kisiginoni. Akasema njiti hana hii.

Akakata ile 8/2 kwenye kadi kwa kalamu. Akamuuliza Bibi, na wa kwako uliwahesabu hivi hivi?

"Wote saba," Bibi akasema. "Babu yao naye alikuwa wa dagaa."