Mchezo Usioisha

Kisumu, Jumapili usiku.

Leo alasiri nilicheza drafti na Mzee karibu na soko la Kibuye, vizibo vya soda ndizo kete zetu: vyangu vimelala chali, vyake kifudifudi. Yeye alibaki na kingi mbili, mimi moja, nayo nikaikalisha kwenye mstari mrefu wa kona hadi kona. Tukazungushana weee! Mwisho akauliza, "Sasa Mwalimu, mchezo huu ukikataa kuisha kabisa, mshindi ni nani?" Nikamwambia ni sare. "Sare ni ya watu waliochoka. Mimi nauliza mshindi."

Swali hilo limenifuata hadi mezani. Mchezo wenye mwisho hauna shida: unaanzia hatua ya mwisho na kurudi nyuma. Mwanahisabati Zermelo alishughulikia swali la namna hii kuhusu sataranji mwaka 1913. Ukiondoa sare, lazima mmoja wenu awe na njia ya kushinda hata mwenzake afanyeje. Lakini pasipo na hatua ya mwisho, utarudi nyuma kutoka wapi?

Chukua mchezo huu. Mimi naandika tarakimu, wewe unaandika ya pili, mimi ya tatu, milele, mpaka tupate nambari kama 0.3714... Kabla ya kuanza tumetenga seti ya nambari. Yetu ikiangukia humo, nimeshinda. Tuseme seti yenyewe ni sehemu zote: nusu, theluthi, na kadhalika. Hapo utanishinda, na njia yako naiona waziwazi. Zipange sehemu zote kwenye foleni. Kila zamu yako, itazame inayofuata: ikiwa na 5 mahali hapo, andika 6, isipokuwa na 5, andika 5. Nambari yetu itatofautiana na kila sehemu; hakuna hata moja itakayoponyoka.

Je, kila seti iko hivyo? Mwaka 1962 wanahisabati Mycielski na Steinhaus walipendekeza tukubali kuwa ndiyo: katika kila mchezo wa namna hii, mmoja wa wachezaji ana mbinu ya ushindi. Hiyo ndiyo aksiomu, yaani kauli inayokubaliwa bila kuthibitishwa, ya michezo kuamuliwa. Ukiipokea, kila seti ya nambari kwenye mstari inapimika urefu wake. Napenda sana hilo.

Ila haikai nyumba moja na aksiomu ya uchaguzi, ile inayokuruhusu kutoa kitu kimoja katika kila fungu, hata mafungu yakiwa mengi kupita kiasi na huna kanuni ya kuchagulia. Gale na Stewart walikuwa wameonyesha tangu 1953 kwamba kwa uchaguzi unaweza kuunda seti ambayo mchezo wake hauna mwenye mbinu, si wa kwanza, si wa pili. Na mimi nautumia uchaguzi karibu kila wiki. Bila huo siwezi kusema kila nafasi ya vekta, yaani mkusanyiko wa vitu vinavyojumlishwa na kuzidishwa kwa nambari, ina besi: vitu vya msingi vinavyojenga vingine vyote. Kuuacha ni kama kung'oa mlango wa nyumba ninayolala.

Kinachonituliza ni kazi ya Donald Martin ya 1975. Alithibitisha, bila kutudai tuuache uchaguzi, kwamba seti za Borel zote zimeamuliwa. Hizo ni seti zinazojengwa hatua kwa hatua kutoka vipande vya mstari, kwa kuviunganisha na kuviondoa, na hizo ndizo karibu zote ninazokutana nazo darasani. Seti ya Gale na Stewart sijawahi kuishika mkononi. Hakuna anayeweza kuniandikia kanuni yake ya kuchagua.

Kwa hiyo Mzee aliuliza vizuri kuliko nilivyomjibu. Nimefungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika 0 na nukta, nikaacha nafasi ya kwanza wazi. Jumapili ijayo ataanza yeye.