Akropora imechunika, kamba hawana hata habari

Mnaofuga vitu vya baharini hapa Dar mtanielewa, wengine nivumilieni. Akropora yangu, lile tumbawe kubwa la kahawia lenye pembe pembe kwenye tanki langu, imekufa. Na haijafa kwa mara moja, imechunika kuanzia shinani, nyama inaachia mfupa vipande vipande inapeperushwa na pampu, chini kunabaki mfupa mweupe pee, ukiamka asubuhi unakuta mstari umepanda tena. Kabla hamjaniuliza: sikuitoa baharini, nilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nchi anauza tanki lake lote. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar ni hifadhi tangu 1975, ukichomoa tumbawe kule unajitafutia kesi, na matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka ni makaratasi.

Basi nyumbani kila mtu ana mtuhumiwa wake. Mama watoto kasema ni dawa ya mbu, "baba, si nilikwambia hiki chumba kisipuliziwe?" Jirani kasema umeme, maana wiki ile ulikatika usiku kucha. Dogo anayenisaidia kusafisha tanki yeye anasema joto tu, "bro maji yalichemka hayo." Wote wana hoja, ila ukikaa ukaangalia nani HAJAFA, hoja zinadondoka zenyewe.

Sumu ya wadudu ikiingia majini wa kwanza kupinduka ni kamba, kwa sababu kamba na mdudu ni ukoo mmoja, wote gamba la nje na miguu ya vipande vipande. Kamba wangu wako fiti, mmoja kajivua gamba wiki hiyohiyo nikashtuka nikidhani kafa kumbe ni gamba tupu linaelea, mwenyewe kajificha nyuma ya jiwe. Shaba nayo hivyohivyo, ingeanza na kamba na konokono, na konokono wanapanda kioo kama kawaida yao. Umeme ukikatika hewa inapungua, hapo samaki wangeanza kuhema juu juu, na hakuna aliyehema, pampu ya betri ilipiga mzigo hadi asubuhi.

Joto ndo lilinipa shida kulifuta, Dar hii tunajuana. Ila tumbawe likizidiwa na joto huwa linapauka: ndani ya nyama yake kuna vimwani vidogo mno vinavyolilisha kwa kutumia mwanga, sasa maji yakizidi hata digrii moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto yakakaa hivyo wiki kadhaa linavitema, linabaki jeupe LAKINI nyama bado ipo, ukisogeza jicho unaiona imekaa kama nailoni juu ya mfupa. Ndo yaliyoyakuta matumbawe ya huku kwetu 1998, Mafia hadi Unguja. Ya kwangu haikupauka, ilichunika na rangi yake. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na nashangaa hata wauza samaki wanavichanganya.

Nikaanza kupekua picha kwenye simu. Akropora inayokua vizuri ncha zake huwa nyeupe, maana mfupa unakimbia kuliko vimwani vinavyoweza kujaa. Picha za mwezi wa pili ncha nyeupe zinang'aa. Picha za mwezi wa nne ncha zote kahawia, yaani ilikuwa imeshaacha kukua kabla hata haijaanza kuchunika. Halafu ule ukoko wa zambarau juu ya mawe, ambao ni mwani unaojenga kwa chokaa kama tumbawe, nao umefifia pembeni. Matumbawe laini yale yanacheza tu, hayana wasiwasi. Unaona sasa? Aliyeumia ni yule anayejenga kwa chokaa. Hapo ni ama kalsiamu imeisha ama alkaliniti (ile akiba ya kaboneti majini ambayo tumbawe linajengea mfupa, inapimwa kwa dKH), na kalsiamu haiishi kirahisi, bahari ina kama miligramu 420 kwa lita, tumbawe likila alkaliniti dKH 2.8 linakuwa limekula kalsiamu miligramu 20 tu. Kwa hiyo alkaliniti ndo inakauka kwanza.

Tatizo sasa, kipimo changu cha alkaliniti, kile cha kudondosha matone ya asidi ukihesabu, kila wiki kinasema dKH 8. Nane safi kabisa, na tarehe ya kuisha bado haijafika.

Nikaona ngoja nipime maji ya bahari yenyewe, dumu ambalo jamaa wa boti kaniletea kutoka nje kule nyuma ya Mbudya. Kipimo kikasema 10! Bahari hiyo inatoka wapi, maji ya bahari ni kama 7 tu.

Ili nikijaribu kipimo kwa maji ninayojua jibu lake, nikaenda Kariakoo kwa sonara nikamwomba anipimie bekingi soda gramu 3, akanitazama sana lakini akapima. Bekingi soda, sio bekingi pauda wala magadi, hizo zitakuharibia hesabu. Ukiyeyusha gramu 3 kwenye lita moja ya maji ya betri (maji, sio asidi jamani), ukachukua mililita 100 za hapo ukaziongezea maji yaleyale hadi lita moja, unapata dKH 10 kamili, ni hesabu ya kemia ya sekondari. Nikapima, kikanipa 14. Nikarudia, 14. Iwe asidi ya kile kichupa imechoka na joto la njiani au matone yanatoka madogo, jibu lilelile, ile 8 yangu ilikuwa 5.7.

Mwaka jana isingeonekana kwa sababu nilikuwa nabadilisha maji mara kwa mara na maji mapya ya bahari yanarudisha alkaliniti yenyewe. Masika hii Msimbazi unamwaga tope, mawimbi makubwa, jamaa wa boti hatoki ila mara moja moja, na akropora ilishakuwa kubwa inakula kuliko zamani.

Sasa napandisha kwa bekingi soda taratibu, hata dKH moja kwa siku sifikishi, maana kuirusha ghafla nako kunachuna vilevile. Ncha mbili zilizokuwa bado na nyama nilizikata juu kabisa ya mstari nikazigandisha kwenye jiwe kwa supagluu. Moja imechunika juzi. Nyingine imeshaanza kutambaa juu ya gundi, nyama kidogo tu pembeni lakini ipo. Kama kuna mtu anarudi kutoka Dubai mwezi huu anicheki, nataka kipimo kipya cha alkaliniti, na akiweke kwenye begi la mkononi kisije kikaungua tena.