Gari Lililozima Mteremko wa Mtambile

Mwaka 2009 nilikuwa na Toyota Corolla yenye injini ya 5A-FE, gari nililolitegemea kumchukua mama yangu kutoka Chake Chake hadi hospitali ya Mkoani, na katika msimu ule wa karafuu likaanza tabia ya kuzima likiwa katika mwendo. Asubuhi liliwaka bila taabu, lakini likishapata joto, hasa adhuhuri, injini ilikatika ghafla kama iliyozimwa kwa ufunguo, bila kukohoa wala kusitasita kwanza. Tukisubiri kando ya njia kwa muda, liliwaka tena na kwenda vizuri.

Anayeijua Pemba anaelewa uzito wa jambo hili, kwani barabara zetu ni za vilima na kona. Injini ikizima, usukani huwa mzito hapo hapo, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kwa sababu msaada huo unatokana na mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Siku lilipozima kwenye mteremko kabla ya Mtambile, mama akiwa kiti cha mbele, kando ya barabara kulikuwa kumeanikwa karafuu juu ya majamvi na hapakuwa na pa kuingilia. Nilikanyaga breki mara moja kwa nguvu, bila kuachia, mpaka gari likasimama. Mama alisema, "Mwanangu, gari hili usilipande tena mpaka lijulikane lina nini," na tangu hapo sikukubali kulipakia mtu.

Gereji moja ilikuwa imekwishabadilisha pampu ya mafuta na filta, kwa hoja kwamba injini ikizima pampu haisikiki. Hali haikubadilika hata kidogo. Ndipo nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima wa Machomane, ambaye kabla ya kufungua boneti aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: gari linapozima huku bado linabingirika na gia imo, mshale wa mizunguko ya injini unafanyaje? Nikamjibu kwamba unaanguka mpaka sifuri papo hapo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanieleza kwamba injini inayokosa mafuta hulegea na kushtukashtuka kwanza, na mshale hushuka pamoja na mwendo wa gari. Mshale ukianguka ghafla ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, kilichokatika ni umeme wa kuwashia.

Hata hivyo hakugusa kitu. "Ugonjwa unaokuja na joto hupimwa ndani ya joto," alisema, akachukua mita yake, kipande cha waya, plagi moja na dumu la maji, tukatoka naye njia ya Mkoani saa saba mchana. Lilipozima, alishuka haraka kwa sababu alijua kwamba kila dakika ya kupoa inafuta ushahidi. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akauchomeka kwenye plagi aliyokuja nayo, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kuniambia nipige stata: hapakuwa na cheche. Kisha akafungua kile kisanduku kidogo cha kupimia kilichomo ndani ya boneti, akaunganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kile kipande cha waya, na pampu ikanguruma mara moja. Pampu haikuwa na kosa, wala hata ile ya zamani naamini haikuwa nalo. Kompyuta ya gari isipopata ishara kwamba injini inazunguka, hukata pampu kwa makusudi, ili petroli isiendelee kusukumwa baada ya ajali.

Akahamishia waya ule ule kwenye matundu ya TE1 na E1, nami nikafungua ufunguo. Taa ya injini ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara tatu, yaani namba 13, ambayo kwenye Toyota za wakati ule humaanisha kwamba ishara ya mzunguko ilipotea injini ikiwa kasini. Ishara hiyo hutoka kwenye koili ndogo iliyomo ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Fundi akachomoa soketi yake na kupima kwa mita: haikusoma kitu, waya ulikuwa umekatika ndani. Akafunika mwili wa distribyuta kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, akichunga yasiingie kwenye kifuniko, na baada ya kitambo mita ikaanza kusoma, kwanza kwa kuyumba, kisha ikatulia kwenye ohm mia na kitu. Tukawasha, gari likawaka. Uzi wa koili ulikuwa na ufa unaoachana ukipata joto na kugusana ukipoa. Sijapata kuona maelezo ya tatizo yaliyonyooka kiasi kile, na nilifurahi kuliko siku niliyolinunua gari.

Distribyuta nyingine ya mtumba niliagiza Unguja, ikaja kwa boti. Fundi hakuifunga mpaka alipoipasha moto na kuona mita haiyumbi. Alikwaruza alama pale ile ya zamani ilipokaa, akabadilisha oringi iliyokuwa ikivujisha oili, akapanga nyaya za plagi kwa mfuatano wa silinda zinavyowaka, yaani 1-3-4-2, halafu akaunganisha tena TE1 na E1 na kuweka taimingi, yaani wakati wa cheche, kwenye nyuzi 10 kwa taa yake ya kupimia. Tuliliendesha hadi Mkoani na kurudi katika jua la mchana, kisha akaliacha likiunguruma limesimama, boneti imefungwa, mpaka feni ikawa inajiwasha na kujizima yenyewe. Halikuzima. Mama alirudi kupanda wiki iliyofuata, na distribyuta ile ndiyo iliyokuwemo nilipoliuza gari kwa jamaa wa Konde.