Nilivyonasa harufu ya dumuzi

Nimekulia Tabora, mkoa ambako dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alianza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa ametoka mbali, Amerika ya Kati. Wazee wetu walimwita Scania. Utotoni nilikuwa nashika gunzi ghalani kwa mama, linavunjika na kuniachia unga kiganjani. Ndiyo maana ulipofika wakati wa kuchagua mradi wa shahada ya pili sikuhangaika kutafuta: nilitaka kunasa harufu ambayo dume la dumuzi huitoa kuwaita wenzake.

Harufu yenyewe inajulikana. Ni esta mbili, wataalamu wanaziita T1 na T2, uzito wa molekuli zake ni 156 na 196, na zile za kutengenezwa hutumika kwenye mitego. Hata mdudu anayemwinda dumuzi, yule aliyeachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, huifuata harufu hiyo hiyo kumpata. Mimi nilitaka kujua dumuzi wa ghala la mama wanazitoa kwa uwiano gani. Nilijipangia wiki tatu. Ikawa miezi mitano.

Nilianza na dumuzi 50 kwenye chupa ya kioo yenye punje za mahindi. Upande mmoja naingiza hewa iliyochujwa kwa mkaa, upande wa pili hewa inatokea kwenye kijibomba chenye Porapak Q, chembechembe zinazoshika harufu. Baada ya saa 24 nikazisuuza kwa dikloromethani kidogo, nikadunga mikrolita 1 kwenye GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali na kupima uzito wa vipande vyake.

Skrini ilijaa vilele, kila kimoja kikiashiria kemikali yake, nikafurahi mno. Kisha nikaanza kukisoma kimoja kimoja. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa na alama ya 149, na hiyo ni ftalati, kemikali ya kulainishia plastiki. Vingine vilikuwa na 73, 207 na 281, yaani siloksani, kemikali za silikoni zinazotoka kwenye kolamu, kibomba chembamba cha ndani ya mashine, na kwenye kizibo cha mpira. Cha dumuzi hakikuwepo hata kimoja.

Fundi sanifu wa maabara, mtu wa makamo, alinikuta nimeinama mbele ya mashine. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba mwanangu. Chupa tupu umeshaipima?”

Sikuwa nimeipima. Swali lile ndilo lililookoa kazi yangu. Nilitupa mirija yote ya plastiki nikaweka ya Teflon, nikaosha vioo kwa asetoni na kuvioka kwenye oveni usiku kucha, na kila nilipopima wadudu nikapima pia chupa tupu na chupa ya mahindi peke yake. Hii ya mahindi usiiruke kabisa, maana punje iliyotobolewa ina harufu zake, heksanali ikiwemo, na ni rahisi sana kumsingizia mdudu.

Chupa tupu ikatoka safi. T1 bado hakuna.

Hapo nikaacha kuishuku mashine nikaanza kumfikiria mdudu. Dume huita akiwa amepata chakula na yuko peke yake, na majike wakishafika hunyamaza. Mimi nilikuwa nimewafungia chupa moja waitaji na waitwa! Nani angemwita nani?

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonichosha macho. Dumuzi ana urefu wa milimita 3 au 4 tu, na kumtambua dume akiwa hai unamlaza chali chini ya darubini, unatazama vinundu vidogo vilivyo juu kidogo ya mdomo. Akikupiga teke na kujigeuza, unaanza upya. Nilitumia brashi laini ya kuchorea na siku mbili nzima kupata madume 10. Kila mmoja nikampa kichupa chake na punje yake, nikaziba kwa pamba ya kioo ili unga usivutwe kwenye kijibomba, nikawaacha watulie. Siku ya tatu punje zilikuwa na matundu ya mviringo, na chini ya kila tundu kilima cha unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Nikaunganisha vichupa vyote 10 kwenye kijibomba kimoja cha kunasia harufu.

Kwenye dakika ya 9 hivi kilele kikapanda. Nikakibofya: 156, na mbele yake 97, kipande kinachobaki esta ile ikipoteza mkia wake. Nikadunga T1 ya dukani kulinganisha, ikatoka dakika ile ile. T2 ilifuata baadaye, fupi lakini ipo. Nilimpigia mama simu pale pale, nikashindwa kumweleza vizuri, akaniambia tu, “Hongera mwanangu.”

Wiki iliyofuata nikaweka jike mmoja kwenye kila kichupa. Baada ya siku mbili kilele cha T1 kilikuwa kimeshuka mpaka karibu na mstari wa chini.