Siku moja ya mdodosaji: jana usiku mlitazama nini?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nishakunywa chai, kishikwambi kimejaa chaji, kitambulisho kipo shingoni. Kazi yangu ni kuuliza watu jana walitazama nini kwenye televisheni, saa ngapi, na nani alikaa nao. Mkisikia tamthilia fulani ndiyo namba moja, namba hiyo ilianzia mlangoni kwa mtu, pale mdodosaji alipopiga hodi.

Saa mbili niko Jang'ombe, hapa mjini Unguja. Nyumba za mwanzo zinakwenda vizuri, ila kila mlango naulizwa kama nauza ving'amuzi au nimetumwa na watu wa kodi. Naeleza, nasonga.

Saa nne nikaingia nyumba iliyonimaliza nguvu. Nikishaandika wote wanaoishi humo, programu ya kishikwambi yenyewe ndiyo inayochagua wa kuhojiwa. Imemchagua mke wa mtoto wa mwenye nyumba. Mzee akakataa.

"Niulize mimi, mwanangu. Humu hakitazamwi kitu nisichokijua. Andika taarifa ya habari na mawaidha, basi."

"Sawa mzee wangu, lakini jina lililotoka ni la mkweo."

Rimoti iko mkononi mwake, haiachi. Akaanza kunieleza kwamba Zanzibar tumetazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990, kwa hivyo asifundishwe mambo ya televisheni na mtoto mdogo. Hilo la historia ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Lakini saa nzima imepita na fomu ni tupu. Huwezi kumkatiza mtu mzima nyumbani kwake, na huwezi kumjazia mkwe majibu ya mkwewe. Mwisho bibi mwenye nyumba akasema kutoka ndani, "Mwacheni mtoto wa watu afanye kazi yake."

Tukakaa uani, yule dada anakuna nazi huku ananijibu. Yeye hasemi saa, anasema "baada ya magharibi", "ilipoadhiniwa isha". Mimi ndiye ninayezigeuza kuwa robo saa moja moja. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili: walitazama yeye, wifi yake na watoto wawili wa jirani. Isha ilipoadhiniwa akapunguza sauti, wote wakaenda kusali, televisheni ikabaki inawaka peke yake. Robo saa ile nikaandika: imewashwa, hakuna mtazamaji. Waliporudi, mzee alikuwa keshakaa, anauliza yule mwanamke kajua kama mtoto si wake.

Adhuhuri, jua kali, majumba ya Michenzani. Ngazi, ngazi, ngazi. Juu hakuna mtu. Shuka, panda pengine.

Kijana mmoja alinipa maji, Mungu ambariki. Kasikia tangazo kwamba nusu ya watazamaji walikuwa kwenye tamthilia, hataki kuamini. Nikamwambia chukua nyumba 100 zenye televisheni. Saa tatu usiku 40 zimewasha, 20 kati ya hizo ziko kwenye tamthilia. Kwa waliowasha, ni asilimia 50. Kwa nyumba zote, ni asilimia 20. Kituo kitatangaza ile 50, na mwenye sabuni anayelipia tangazo lazima aulizie ile 20.

Yeye anapenda kichekesho ambacho mtaani kwao hakuna mwingine anayekitazama. Kakipa alama tisa kwa kumi, akaniuliza kama kitaondolewa. Nikampa mfano tuliopewa kwenye mafunzo: Cheers, kichekesho cha Marekani kilichoanza 1982. Msimu wa kwanza kwa watazamaji kilikuwa karibu na mkiani, lakini wachambuzi walikisifu, na 1983 kikachukua tuzo ya Emmy ya kichekesho bora. Kituo kikakivumilia, kikaendelea mpaka 1993. Kwenye fomu yetu alama ya kupenda ipo, ila ni swali la mwisho kabisa, watu washachoka. Mimi ningeliweka mbele.

Jioni sijui tena ni saa ngapi. Miguu inawaka, mtandao unasuasua, fomu zinapanda moja moja. Msimamizi kapiga simu: kwa nini kuna robo saa televisheni imewashwa na mtazamaji hakuna? Nikamwambia walikuwa wanasali. Akasema huko Dar wataiona kama kosa la kujaza, bora niwarudishe wale watazamaji. Nimekataa. Nimeandika maelezo pembeni, fomu nimeituma kama ilivyo.